Mashati ya Babu na Kitambaa Chekundu

Wakati wa likizo ya kiangazi Maren hakuwa na kengele ya shule, lakini alikuwa na Bibi Verla, na Bibi Verla alikuwa mkali kuliko kengele. Kila asubuhi mama yake Maren alimshusha hapo mlangoni akiwa njiani kwenda kazini hospitalini. Kabla msichana hajamaliza maziwa yake, alikuwa ameshaambiwa awashe pasi, atafute sindano iliyoangukia chini ya kiti na amfungulie paka mlango. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Yote aliyafanya, ingawa alikuwa amenuna kidogo.

Mwaka huo kulikuwa na kazi kubwa nyumbani. Babu Orrin alikuwa amefariki wakati wa baridi. Maisha yake yote aliendesha lori la maziwa, na kila siku ya kazi alivaa shati jeupe au la samawati hafifu, lenye mfuko mmoja kifuani. Siku theluji ilipoisha, Bibi aliyatoa mashati yote kabatini, akayalaza kitandani, akalia mpaka akachoka. Kisha akanawa uso na kuomba mkasi.

Katika mji wa Corley hakuna aliyeshangaa. Wanawake wa huko, mtu wao akifa, huzikata nguo zake vipande vipande na kushona mfarishi, lile blanketi la viraka la kujifunikia. Wengine huupeleka kwenye maonyesho ya kilimo ushindaniwe. Bibi hakutaka mashindano.

"Kitanda kimekuwa kikubwa mno," alimwambia Maren. "Nataka nilale chini ya kitu chake."

Shida ilikuwa vidole. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umevitia ganzi vidole vya Bibi. Aliweza bado kuendesha cherehani kwa mazoea, lakini hakuweza tena kupapasa kitambaa akajua kikoje. Magoti nayo yalikuwa yamegoma kushuka ngazi za kwenda chumba cha chini, ilikokuwa mashine ya kufulia. Kwa hiyo kiangazi hicho Maren alikuwa ndiye vidole na magoti ya Bibi.

Jirani yao, Bi Ardith, ambaye hakuna jambo la Corley lililompita, aliyatazama mashati yaliyokatwa akatikisa kichwa.

"Verla, vipande hivi vitapooza. Nyeupe, samawati, nyeupe, samawati, utadhani umelala hospitali! Tia chekundu katikati."

"Orrin alipenda nyekundu," Bibi akasema.

"Basi si ndiyo nakwambia? Ingia kwenye gari."

Duka la vitambaa lilikuwa mji wa pili, kando ya barabara kuu. Duka lile lina matawi karibu kila jimbo, na kila tawi ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kupotezana na mama yake kati ya vifungo na lesi. Nje jua lilikuwa kali la Julai, lakini ndani walishapanga maboga ya plastiki ya Oktoba. Maren alilipenda duka hilo. Alipenda majora ya vitambaa yaliyosimama safu kwa safu, nyuzi za sufu zilizojazwa kwenye rafu mpaka juu, shanga na gundi na karatasi za kumetameta. Bibi alishikilia toroli ili asianguke, naye Bi Ardith alitangulia akisema kwa sauti bei za kila kitu.

Walipofika kwenye vyekundu, Bibi alivuta ncha ya jora moja, akainama akaisugua shavuni. Vidole havikumwambia kitu tena, lakini shavu lilikuwa bado na akili zake.

"Hiki," akasema. "Maren, kina rangi ya waridi ndani yake, au ni chekundu kweli?"

"Ni chekundu kweli, Bibi. Kama tufaha."

Walichukua namba, wakangoja zamu yao kwenye meza ya kukatia. Mkataji alikuwa Bi Renata, mwanamke mwembamba aliyening'iniza utepe wa kupimia shingoni. Alilibwaga jora mezani, akalikunjua, akapima.

"Mnashona nini?"

"Mfarishi. Mashati ya marehemu mume wangu."

Bi Renata alisimamisha mkasi. "Pole sana, mama. Basi nikwambie tu, hiki kimekolea. Kitachuja. Kifueni kabla hamjakikata."

"Mwanangu," Bibi akacheka, "mimi nimeanza kufua vitambaa vyekundu wewe hujazaliwa."

Wote wakacheka, Maren naye, huku macho yake yakiwa kwenye shanga.

Kesho yake mchana Bibi alimkabidhi Maren kitambaa. "Kifue mara mbili. Maji ya pili yakiwa meupe, kimetosha. Kisha kianike, ukipige pasi."

Maren alishuka. Mashine ilikuwa imejaa taulo za jana ambazo yeye mwenyewe alisahau kuzitoa. Akasimama akaziangalia kwa kinyongo. Hapo ndipo kengele ya baiskeli ililia nje, na sauti ya rafiki yake Joelle ikaingia dirishani.

"Maren! Bwawa limefunguliwa! Wote wako huko, hata yule kaka wa tatu wa akina Pruitt! Unakuja au umeolewa na cherehani?"

Maren aliweka kitambaa juu ya mashine. Nitakifua nikirudi, alijiambia, na kusema kweli alikusudia hivyo. Akachukua nguo ya kuogelea akatoka.

Aliporudi nywele zikimdondoka maji, alimkuta Bibi amekwisha kusafisha meza ya jikoni. Bi Ardith alikuwa amekaa na bilauri ya maji ya limau, mkasi mkubwa mbele yake.

"Ardith ana nafasi leo tu," Bibi akasema. "Umekifua?"

Ilikuwa rahisi kusema bado. Ni neno fupi. Lakini Bi Ardith alikuwa anamwangalia zile nywele zilizolowa, na Maren aliona aibu.

"Ndiyo, Bibi," akasema. "Mara mbili."

"Basi kilete tukate."

Maren alishuka mbio. Kitambaa kilikuwa pale pale, kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Akakirushia maji kidogo, akapandisha nacho, akakipitishia pasi ya mvuke huku amewapa mgongo wazee wale wasione. Kisha akakiweka mezani kikiwa na joto.

Bibi alikiokota, akakiinua kuelekea shavuni. Maren alijua shavu halidanganyiki. Lakini mkono wa Bibi ulikomea njiani, ukashuka.

"Kama umekifua wewe, yatosha," Bibi akasema, akamsogezea Bi Ardith kitambaa.

Kitambaa kikishakatwa viraka vidogo hakifuliki tena, kwa sababu kingo zote hufumuka. Maren alijua. Aliutazama mkasi ukila kitambaa, na kila kiraka kilichoanguka mezani kilimfungia mlango mwingine.

Tangu siku hiyo furaha ilimtoka. Alhamisi wanawake wa kanisani walikuja kusaidia, kila mmoja na chakula chake: viazi vya kuoka na jibini, keki ya matufaha. Waliuzunguka mfarishi wakashona kwa mkono, wakimtaja Babu Orrin na lori lake, na jinsi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani bila kujali. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Maren alipitisha sindano zenye uzi tayari. Alipoona kiraka chekundu kimelala ubavuni mwa mfuko wa shati jeupe, aliisukuma sahani yake kando.

"Huyu mtoto mbona kanyong'onyea?" akauliza Bi Ardith. "Joelle kakunyang'anya mchumba?"

Wanawake wakacheka. Maren akajaribu kutabasamu.

"Bibi," alisema siku nyingine, "kwani mfarishi ukiisha lazima ufuliwe?"

"Sasa tuuache na chaki zote hizi? Tena ukifuliwa ndiyo unalainika, unajikunja kidogo, unakuwa wa mtu. Usipofuliwa ni pambo tu."

Walirudi dukani kununua kitambaa cha kutia upindo. Bibi na Bi Ardith walipokuwa wanabishana juu ya upana, Maren alinyemelea meza ya kukatia.

"Samahani," alimwambia Bi Renata. "Kitambaa chekundu kisipofuliwa, halafu mfarishi wote ukafuliwa, inakuwaje?"

Bi Renata alimtazama. "Ni wewe hukukifua?"

"Siyo mimi. Rafiki yangu."

"Aha. Huyo rafiki yako ana mdomo?"

"Anao."

"Basi aufungue mapema. Rangi ikiingia kwenye nyeupe, maadamu bado ni mbichi, dawa huwa ipo. Ila ikishapita kwenye mashine ya kukaushia, joto linaikaza. Hapo hata mimi sina la kumwambia." Akapunguza sauti. "Na mwambie rafiki yako pole."

Njiani kurudi, kati ya mashamba ya mahindi, Maren alikuwa amekaa nyuma na maneno ameyaweka tayari mdomoni. Bibi aligeuka akamshika goti.

"Bila wewe nisingeumaliza, mwanangu. Unajua hilo?"

Maneno yakarudi chini yalikotoka. Maren alitazama dirishani mpaka nyumbani.

Mfarishi ulipokamilika ulikuwa mkubwa na mzito, hauingii kwenye mashine ya chumba cha chini. Bi Ardith aliwapeleka penye mashine za kufulia za kulipia, mkabala na posta. Waliutia kwenye mashine kubwa yenye mlango wa kioo. Bibi alijikalisha mbele yake, mkoba magotini. Maren alisimama nyuma ya kiti.

Povu lilianza jeupe. Baadaye Bi Ardith alisogeza uso kwenye kioo.

"Verla, hebu angalia. Mbona povu limekuwa la waridi?"

Mashine ilipofunguka, walivuta mfarishi kwenye toroli la nguo, ukachuruzika maji mekundu. Mashati meupe yalikuwa yameingia rangi, huku kidogo, kule sana. Yale ya samawati yalikuwa yamegeuka kitu kisicho na jina. Bibi alishika mfuko mmoja, akaukunjua, akaukunjua tena.

"Orrin wangu," akasema. "Hakuna mengine. Nimeyakata yote."

"Ni yule mwanamke wa dukani!" Bi Ardith alipandisha sauti. "Katuuzia takataka! Nitampigia simu mkubwa wake leo hii hii."

"Haiwezi kuwa kitambaa," Bibi akasema. "Kilifuliwa mara mbili. Kilishatoa kilichokuwa nacho. Hii ni mashine. Kuna mtu kafua uchafu wake humu kabla yetu."

"Basi kama ni uchafu tu, tuukaushe twende zetu. Ukikauka huenda ukafifia."

Hakuna aliyemwangalia Maren. Ndilo jambo alilolikumbuka sana baadaye. Kosa lilishapata wenyewe: mashine, mtu asiyejulikana, Bi Renata. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na jambo lingepita. Bi Ardith aliusukumia mfarishi kwenye mashine ya kukaushia, akapiga mlango, akaingiza sarafu. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

"Usiwashe!" Maren alipiga kelele.

Mtu aliyekuwa akikunja shuka pembeni aligeuka.

"Usiwashe, Bi Ardith, joto litaikaza! Si mashine. Ni kitambaa. Sikukifua." Alikuwa ameanza kulia. "Nilikwenda kuogelea. Nilikirushia maji nikapiga pasi tu."

Bibi alimgeukia polepole. "Uliniambia mara mbili."

"Sikukifua hata mara moja, Bibi."

Bi Ardith akaondoa kidole kwenye kitufe. Bibi alimtazama mjukuu wake. Hasira ilionekana, na uchungu ulionekana zaidi, na Maren alitamani achapwe kuliko kutazamwa vile. Kisha Bibi akasimama.

"Utoe," akasema. "Rangi bado mbichi. Twende nyumbani."

Ndani ya gari mfarishi ulilala mapajani mwa Maren, ukimlowesha maji baridi mpaka miguuni.

Nyumbani Bibi alimwagiza ajaze hodhi la kuogea maji ya moto kadiri yatakavyotoka, na amimine sabuni ya vyombo kwa wingi. Wakauzamisha. Maji yakawa mekundu hapo hapo. Bibi alileta kiti akakaa mlangoni mwa bafu.

"Ngoja yatulie. Kisha yamwage, utie mengine."

Maren akamwaga, akatia mengine. Mekundu tena. Akamwaga. Mfarishi uliolowa ni mzito kama ndama, na kila mara ilimbidi aukandamize upande mmoja ili maji yapite. Mikono ilimwiva, mgongo ukamuuma. Mama yake alipokuja kumchukua alisimuliwa, akamwangalia binti yake, akaenda kumletea nguo za kulalia. Usiku huo Maren alilala huko huko kwa Bibi.

"Bibi, nipe adhabu yoyote," Maren alisema akilia, amepiga magoti kando ya hodhi.

"Badilisha maji," Bibi akajibu.

Asubuhi maji yalikuwa meupe. Waliutoa, wakautandaza kwenye kamba uani, kivulini, mama yake Maren, aliyepitia hapo akienda kazini, akishika ncha moja. Mashati meupe yalikuwa meupe. Ya samawati yalirudi yalivyokuwa. Kiraka kimoja tu kilikataa, mfuko wa shati jeupe karibu na ukingo. Ulibaki na waridi hafifu, na sabuni yote haikuutoa.

Bibi aliinama, akauweka mfuko ule shavuni. Alikaa hivyo kidogo.

"Njoo hapa," akasema.

Maren akasogea.

"Nimekukasirikia, na leo bado nimekasirika. Sitakudanganya kwamba imekwisha."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwenda kuogelea si dhambi. Kusahau kufua hata mimi nimesahau mara nyingi. Ungesema bado, tungefua, tukakata siku nyingine, Ardith akanuna, basi. Lakini uliposema umekifua, nilikuamini. Jana pale nilikuwa nakaribia kuyaharibu mashati ya babu yako kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshika neno lako. Unaona? Rangi ina dawa yake, na mimi naijua. Uongo wako ndio ulionifunga macho nisiione dawa. Na mtu wa watu, yule Renata, alikuwa anakwenda kushtakiwa bure."

Maren aliinamisha kichwa. "Nilitaka kusema kila siku."

"Najua. Nilikuona huli." Bibi alivuta pumzi. "Lakini ulisema. Ardith alikuwa na kidole kwenye kitufe, na hakuna aliyekushuku, na ukasema. Neno lile ndilo lililoyaokoa haya. Na hilo nalo ulikumbuke."

"Na huo mfuko?"

"Huo utabaki hivyo. Nitaulaza upande wangu. Babu yako aliwahi kusahau kalamu nyekundu mfukoni, akaharibu shati, akasingizia kiwanda cha kalamu mwezi mzima." Bibi alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu jana. "Mmefanana mno ninyi wawili."

Jumamosi iliyofuata walikwenda tena dukani. Maren alichukua namba, akangoja zamu, akamwambia Bi Renata kwamba yule rafiki alikuwa yeye mwenyewe, na kwamba nusura Bi Renata asingiziwe kosa lisilo lake. Bi Renata alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampimia Bibi kitambaa kingine chekundu. Mjukuu wa Bi Ardith alikuwa karibu kuzaliwa, na Bi Ardith alikuwa ameshatangaza kwamba mtoto huyo hatalala chini ya kitu kilichopooza.

Siku mbili baadaye Joelle alikuwa nje anapiga kengele ya baiskeli. Bi Ardith alikuwa mezani na mkasi wake. Maren alikuwa amesimama mlangoni, nguo ya kuogelea begani.

"Maren," Bibi aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "kile chekundu umekifua?"

Bi Ardith alikuwa anamwangalia.

"Bado, Bibi."

"Haya. Shuka."

Maren alimpungia Joelle mkono kwamba atangulie, akaiweka nguo ya kuogelea kitini, akashuka ngazi. Juu, wazee walitega masikio mpaka waliposikia mashine inajaza maji.